Je, wajua kwa nini timu mbovu ya besiboli haitakiwi kutoa makinda wake?

Timu ya Ligi Kuu ya Marekani inafungwa kila siku, mashabiki wamechoka, na meneja mkuu ana makinda, yaani wachezaji chipukizi, wawili watatu moto huko ligi za chini. Awatoe apewe staa? Wengi wanajibu fasta, awatoe tu, kinda ni bahati nasibu na wengi hawafiki popote, wakati staa unamwona kwa macho.

Kweli makinda wengi wanapotea. Ila hesabu hiyo inapima kipaji kwa kipaji, na kwenye besiboli kitu kinachouzwa hasa ni miaka. Mchezaji akishapanda ligi kuu klabu inammiliki kama misimu 6 hivi, na ile 3 ya mwanzo anaweza kulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Staa anayekuja Julai, dirisha la kubadilishana wachezaji likikaribia kufungwa, mara nyingi kabakiza miezi michache au mwaka mmoja tu kwenye mkataba, halafu yuko huru kwenda anakotaka.

Ni kama una mtamba zizini, jirani anakwambia nipe huyo nikupe ng'ombe wangu anayekamuliwa, ila mwezi wa kumi namchukua. Ukiwa na harusi wiki ijayo na maziwa yamepungua kidogo tu, inaeleweka. Huna harusi, utakunywa maziwa miezi mitatu zizi libaki tupu na mtamba azalie kwingine. Mtamba naye anaweza kufa au asishike mimba, ndo maana wafugaji wanaojua wanaweka kadhaa.

Agosti 1987 timu ya Detroit walikuwa na harusi, yaani walikuwa wanapigania ubingwa wa kundi lao. Wakamtoa John Smoltz, miaka 20, kwa Atlanta waliokuwa hoi, wakapewa Doyle Alexander wa miaka 36. Wote wawili ni warushaji, yaani wanaomrushia mpigaji mpira, na ushindi au kipigo cha mechi huandikwa kwa jina la mrushaji. Alexander akashinda mechi 9 bila kupoteza hata moja, Detroit wakabeba kundi lao! Smoltz akaja kuwa nguzo ya Atlanta, na 2015 akaingia Jumba la Mashujaa wa besiboli.

Kisa kinachonivutia zaidi ni Montreal Expos. Juni 2002 meneja mkuu Omar Minaya aliwatoa Cliff Lee, Grady Sizemore na Brandon Phillips, pamoja na Lee Stevens, ili ampate mrushaji Bartolo Colón. Colón alishinda 10 akapoteza 4, yaani alifanya kazi yake, lakini Expos wakamaliza mechi 19 nyuma ya Atlanta na Januari Colón akapelekwa klabu nyingine. Wale makinda watatu wote wakaja kuwa mastaa. Ila tusimhukumu Minaya haraka, maana klabu ilikuwa mikononi mwa ligi yenyewe na kulikuwa na mpango wa kuifuta kabisa, na kama kesho haipo kinda wa kesho ana faida gani kwako? Agosti ndo ligi na wachezaji wakakubaliana hakuna timu itakayofutwa mpaka 2006.

Klabu hiyohiyo ikahamia Washington ikaitwa Nationals, na 2022 ikafanya kinyume chake: staa wao Juan Soto alipokataa mkataba wa dola milioni 440 wakampeleka San Diego, wakachukua kundi la makinda wakiwemo CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood. Wote watatu wameshachaguliwa mechi ya nyota, ile ya kila mwaka ya wachezaji bora wa ligi. Hata hivyo 2025 Nationals walipoteza mechi 96, kwa hiyo kukusanya makinda peke yake hakutoshi, lazima klabu ijue kuwalea na iwe na warushaji wa kutosha kuwazunguka.