Sayari Kubwa Mara Kumi: Je, Mtu Angeweza Kusimama Juu Yake?

Wanaobuni sayari kubwa kwa ajili ya hadithi hugawanyika. Wapo wanaowapa wakazi wake miguu minene kama nguzo, na wapo wanaosahau kabisa habari ya uzito, watu wakatembea kama kawaida. Sisi tunaofundisha falaki kwa umma huulizwa ni nani kati yao aliyekosea. Jibu letu huwaudhi kidogo: ukubwa peke yake hausemi kitu.

Kanuni aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687 hutazama mambo mawili. Tungamo, yaani wingi wa maada, huongeza mvutano. Umbali kutoka kitovu huupunguza, tena kwa mraba wake. Ukisogea mbali mara 2, mvutano unabaki robo.

Tujenge basi sayari tuiite Jitu, yenye nusukipenyo mara 10 ya kile cha Dunia: kilomita 63,700 hivi. Tukilijaza mawe na chuma kwa msongamano uleule wa Dunia, tungamo lake linakuwa mara 1,000. Lakini aliyesimama juu yake yuko mbali na kitovu mara 10, hivyo tunagawa kwa 100. Mvutano unaobaki ni mara 10 ya tuliouzoea. Mtu wa kilo 70 angejihisi kana kwamba ana kilo 700, na moyo wake ungeshindwa kupandisha damu hadi kichwani. Kikombe kikidondoka kutoka kimo cha mita moja kingegonga sakafu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa.

Na hapo tumelionea huruma. Mawe ya ndani yangeminywa na uzito wa yaliyo juu yake, Jitu likasinyaa, uso wake ukasogea karibu na kitovu, na mvutano ukazidi hata hizo mara 10.

Sasa tazama sayari za kweli. Mshtarii una tungamo mara 318 ya Dunia, lakini juu ya mawingu yake mvutano ni kama mara 2.5 tu. Uranus ina tungamo mara 14 na zaidi, ila mvutano wake umepungukiwa na wa hapa kwa karibu sehemu moja ya kumi! Siri ni kwamba maada yake imetawanyika mbali na kitovu. Kasoro kwa mtunzi wa hadithi ni kwamba sayari hizi hazina ardhi ya kukanyaga.

Anayetaka Jitu lenye ardhi na uzito wa kawaida atalazimika kushusha msongamano hadi sehemu moja ya kumi ya ule wa Dunia, wepesi wa ubao mkavu. Wengi hapo huamua kulifanya liwe na uwazi ndani. Kihesabu inakubalika, ingawa hakuna maada tunayoijua ambayo ingehimili ganda hilo lisijibomokee. Ila wasiwaweke watu upande wa ndani wakitembea kwenye ukuta. Newton alionyesha kwamba ndani ya ganda la duara lenye unene sawa, mivutano ya pande zote hufutana. Wangeelea.

Wengine huomba msaada wa mzunguko. Kweli, sayari inayojizungusha upesi hupunguza uzito kwenye ikweta. Lakini kwa lile Jitu letu la mawe, siku nzima ingepaswa kuwa ya dakika 90 hivi ili uzito wa ikweta ufanane na wetu, na kwa kasi hiyo lingebonyea vibaya kabla halijavunjika. Mshtarii, wenye siku ya saa 10 tu, tayari umebonyea kwenye ncha zake kiasi cha kuonekana kwa darubini ndogo.

Tuseme mtunzi amelipata Jitu jepesi, uzito ni kama hapa, na upeo wa macho uko kilomita 16 badala ya 5. Bado kuna jambo moja ambalo mizani haitamwonyesha. Mvutano huo hufifia polepole mno mtu anapopaa. Kujinasua kutoka Duniani kunahitaji kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde. Kwenye Jitu hilo ni 35. Kwa roketi bora zinazochoma mafuta, kila kilo moja inayoondoka Duniani hugharimu walau kilo 11 za mafuta. Kule zingehitajika zaidi ya 2,000.