Joto la Kampala halitunzi maji moto
Wengi husema mabomba ya maji moto huvishwa sponji ya kutunza joto Ulaya tu. Eti Uganda kuna joto. Kinachohesabika ni tofauti ya joto kati ya maji na hewa: maji ya heta ya sola yakiwa nyuzi 60 na hewa ya Kampala 22, pengo ni 38. Usiku wa Kabale, mji wa milimani wenye baridi, pengo huzidi hapo.

Katika nyumba ya zamani, anza na bomba linaloshuka kutoka paani. Livishe sponji ya mpira mweusi, unene milimita 13 au zaidi, tundu lake likibana bomba. Ikipwaya, hewa hupita ndani. Gundisha mshono wote. Kwenye kona, kata ncha kwa nyuzi 45. Ile sponji rahisi ya plastiki huyeyuka karibu na paneli. Nje, jua huipasua hata ya mpira, kwa hiyo izungushie mkanda wa alumini. Maji yaliyolala bombani usiku kucha yatapoa tu, tusidanganyane.