Je, wajua kwa nini mshipa wa damu unaweza kuvimba kama tyubu ya baiskeli?

Pita kwa fundi pancha yeyote pale Mbauda, Arusha, umkute anajaza upepo tyubu kuukuu kabla hajaizamisha kwenye karai la maji. Kuna tyubu zingine zinajaa vizuri tu, ghafla sehemu moja inajitokeza peke yake kama yai, mpira unang'aa. Fundi haongezi hata pampu moja, anakwambia "hapa pameshachoka". Sasa anyurizimu, yaani uvimbe wa mshipa wa damu, ndo hiyohiyo, ila kwenye ateri, ile mishipa inayotoa damu moyoni.

Moyo unapiga kama mara 100,000 kwa siku na kila pigo damu inasukuma ukuta wa mshipa. Presha ya muda mrefu, sigara, umri, na kwa wengine kurithi kwenye ukoo, vinaulegeza ule ukuta mpaka unatoka nje. Na ukishatoka ndo shughuli inaanza, maana kadiri uvimbe unavyopanuka ndivyo ukuta unavyovutwa kwa nguvu zaidi hata kama presha haijapanda, huku wenyewe unazidi kuwa mwembamba. Mara nyingi hauumi mpaka siku upasuke. Ndo maana msibani kule Moshi unasikia "si juzi tu tulikuwa nae kwenye mbege, mzima kabisa".

Mara nyingi unatokea kwenye aota, ule mshipa mkuu, hasa ukishafika tumboni, au kichwani pale ateri zinapogawanyika njia panda. Wa kichwani, kwenye kila watu wazima 100 kama watatu hivi wanao na wengi watazeeka nao bila kupasuka. Ila ukipasuka, kichwa kinauma kama umepigwa rungu, maumivu yanafika kileleni ndani ya sekunde, unatapika, shingo inakakamaa. Hapo usimeze Panadol ukalala, ni hospitali muda huohuo ukapigwe siti skani.

Matibabu ndo yananifurahisha, maana mengine ni ya kifundi kabisa. Albert Einstein alikuwa na uvimbe kwenye aota tumboni, na mwaka 1948 daktari Rudolf Nissen akamfungua akauzungushia selofeni, ile karatasi laini inayofanana na plastiki, ili mwili ujenge kovu la kuushikilia. Yaani kama fundi anavyozungushia tyubu kipande cha mpira! Ilimsogeza miaka sita na ushee, ukapasuka Aprili 1955, akakataa kupasuliwa tena, akafariki akiwa na miaka 76.

Siku hizi kuna njia ya kupitia ndani. Juan Parodi wa Buenos Aires mwaka 1990 alipitisha bomba la kitambaa kwenye mshipa wa kinenani mpaka kwenye aota, likafunguka humohumo, damu ikawa inapita ndani ya bomba badala ya kusukuma ule ukuta uliochoka. Ni kama kutanguliza kipande cha tairi la zamani ndani ya tairi lililochanika.

Kichwani, Walter Dandy mwaka 1937 alifungua fuvu akabana shingo ya uvimbe kwa klipu, fikiria kibanio cha nguo kidogo sana. Bado inafanyika, ila kuna nyingine aliyoileta Guido Guglielmi, ilianza kutumika kwa mgonjwa Los Angeles mwaka huohuo 1990, wanapitisha mrija mwembamba mpaka kwenye uvimbe wanaujaza nyuzi laini za platinamu zinazojisokota, damu inaganda mle, uvimbe unaziba.

Na sio kila uvimbe unaguswa. Aota ya tumboni kwa kawaida ina upana wa kama sentimita 2, na kwa wanaume madaktari wengi hungoja ifike 5.5 ndo wafikirie kuitengeneza, kabla ya hapo ni altrasaundi za kufuatilia, kushusha presha na kuacha sigara, kwa sababu operesheni nayo ina hatari zake.

Nilimsimulia fundi wangu hayo ya platinamu kichwani. Akaacha pampu, akauliza gramu inaenda bei gani.