Hajalewa: dhana potofu kuhusu ataksia ya Holguín

Mtu akipita anapepesuka saa nne asubuhi, watu wameshahukumu: kalewa. Katika mkoa wa Holguín, mashariki mwa Kuba, huenda hajaonja hata tone. Huko ndiko ilikokithiri ataksia ya kurithi aina ya pili (SCA2), ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo.

Kusema kweli, wanaomdhania mlevi hawakubahatisha. Pombe nayo huvuruga ubongo mdogo, ule wa kisogoni unaopima kila hatua. Ila pombe ikishaisha mwilini, mtu hunyooka. Huyu zinakufa seli za Purkinje, seli kubwa za ubongo huo mdogo, na hazirudi.

"Basi tatizo ni ubongo mdogo tu." Keti mbele yake, shika kalamu mbili, moja kushoto na moja kulia, umwambie atazame hii kisha ile bila kugeuza kichwa. Macho yako wewe huruka mara moja. Yake hutambaa, kama yanavutwa kwa uzi. Miwani haitamfaa kitu. Misuli ya macho ni mizima. Zilizopungua ni seli za ponsi, kwenye shina la ubongo, zinazoamuru jicho liruke upande hadi upande.

"Ugonjwa ulianza siku alipoanguka." Siku hiyo ndiyo mlipouona ninyi. Madaktari wa Holguín wamewapima watu waliorithi jeni lenye kasoro lakini bado wanatembea vizuri, wakakuta macho yao yameshaanza kupungua kasi. Wengine hukamatwa na misuli usiku miaka kadhaa kabla ya kuyumba.

"Ulimi mzito, akili imekwenda." Ulimi, midomo na pumzi vimekosa kwenda pamoja. Wapo ambao umakini na kupanga mambo pia hupungua, lakini anachotaka kusema anakijua. Mpe muda amalizie sentensi. Kummalizia wewe ni kumkera.

"Huruka kizazi." Hauruki. Katika jeni la ugonjwa huu, ATXN2, herufi tatu za kijeni, CAG, hujirudia mara 22 kwa watu wengi. Zikifika 33 au zaidi, kwa kawaida ugonjwa huja. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kurithi. Marudio hayo huweza kurefuka yakipita kwa mtoto, naye akaugua mapema kuliko mzazi. Mzazi akifariki kabla ya dalili, ukoo husema kizazi kimerukwa.

Dawa ya kuponya haipo. Mazoezi ya kusimama, kugeuka na kutembea, yakifanywa kila siku, yameonekana kupunguza kuyumba.