Utu hauanzi na bakora

Kwenye baraza za Ngamiani, Tanga, ukitaja maadili hukosi wa kukwambia "samaki mkunje angali mbichi". Kwa wengi maana yake ni kwamba mtoto huzaliwa mtupu, wema akaingiziwa na mzazi, ikibidi kwa bakora. Nusu ya hilo ni kweli.

Mwaka 2006 watafiti wa saikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello, wakiwa Leipzig, Ujerumani, walichapisha jaribio la watoto 24 wa miezi 18. Mtu mzima anaanika nguo, kibanio kinamponyoka, ananyoosha mkono hakifikii. Haahidi zawadi. Watoto 22 walisaidia angalau katika jambo moja kati ya waliyojaribiwa. Kitu kikitupwa makusudi, hawakuhangaika nacho sana. Yaani walisoma nia. Hata uani kwetu utamwona mtoto asiyejua kusema "shikamoo" akimburutia bibi kandambili zake. Tunacheka tu, hatuyahesabu kuwa maadili.

Mwaka 2008 watafiti hao walionyesha jambo jingine: watoto waliozawadiwa vitu vya kuchezea kila waliposaidia, baadaye walisaidia kidogo kuliko wasiopewa chochote.

Malezi basi yana kazi gani? Kubwa tu. Nani apishwe kiti, mfiwa apelekewe nini, lipi ni aibu: haya mtoto hazaliwi nayo, huyapata kwa kutazama. Akimwona mama anatenga sahani ya jirani kabla hajapakua ya nyumbani, siku ikisahaulika ndiye atakayeiulizia.