Udongo haukukataa magadi

Juzi nimeambiwa tena, na mara hii na mfinyanzi mwenzangu ambaye kazi yake naiheshimu: "Udongo wako umekataa magadi." Mkononi alishika kikombe cha mchomo wa kwanza wa tanuri langu jipya la kuni hapa Dodoma, ambamo magadi yanayotiwa motoni ndiyo yanayotakiwa kuvipa vyombo mng'ao wa kioo. Kikavu, cha kahawia, kina mng'ao kidogo upande uliotazama moto.

Udongo haukukataa. Matofali ndiyo yaliyoyanywa magadi.

Magadi tunayaingiza moto ukishapita nyuzi 1,200. Yanageuka mvuke, sodiamu iliyomo inaishika silika, madini ya mchanga yaliyomo kwenye udongo, na hapo kioo kinajitengeneza juu ya chombo. Lakini mvuke hauchagui. Matofali nayo yana silika, na ukuta mzima, pamoja na paa lake, ni mkubwa kuliko vikombe vyote nilivyopanga. Ukuta mpya unafyonza. Kila mchomo unashiba kidogo, unaanza kung'aa, na baadaye unarudisha hata magadi ya zamani, mpaka unalazimika kupunguza kipimo. Kwa hiyo kipimo ulichopewa na mwenye tanuri kuukuu hakikufai. Mimi nilianza na kilo 2, mchomo wa pili nikatia 3, na pete ya majaribio, kipande cha udongo uleule nilichokichomoa kwa nondo, ilikuwa tayari na vipele kama ganda la chungwa, dalili kwamba magadi yameshika. Udongo ulikuwa uleule!

Lawama hiyo ina ukweli mmoja tu. Udongo wa mitungi yetu, ule unaochomwa uwanjani chini ya nyuzi 1,000, ukiupeleka 1,250 utavimba na kulegea. Ndiyo maana nachanganya udongo mweupe wa Pugu. Hilo ni suala la kuhimili moto, magadi hayamo.

Ndani ya vyombo paka gleizi, ule mpako unaogeuka kioo motoni, kabla ya kuchoma; mvuke hauingii vizuri kwenye shingo nyembamba.

Ninachosita ni njia ya kuyaingiza magadi: kuyanyunyiza yakiwa yameyeyushwa kwa maji moto, au kuyafunga kwenye karatasi pamoja na maranda na kuyatupa motoni. Kunyunyiza kulinipa rangi sawasawa zaidi, lakini siku hiyo upepo ulikuwa mkali na dohani ikavuta kupita kiasi. Siwezi kuapa kwamba ni kunyunyiza na si upepo.

Wiki ijayo nachoma tena. Kile kikombe kikavu nakirudisha ndani, rafu ya chini, karibu na mlango wa moto.