Je, wajua kwa nini Wamarekani huandikiana kadi kwa mkono kuhimizana wapige kura?

Shika kadi ya posta, karatasi ngumu inayoenea kiganjani. Upande mmoja una picha. Upande wa pili kuna mwandiko wa mtu: jina la kwanza la anayeandikiwa, tarehe ya uchaguzi, sentensi mbili tatu za kumwomba asikose kwenda kituoni. Mwandishi ametia jina lake la kwanza tu, hakuweka anwani, na stempu kainunua kwa hela yake. Hawajuani hata kidogo. Akimaliza hiyo anavuta nyingine.

Marekani wapo watu wengi wanaofanya hivi msimu wa uchaguzi ukikaribia, wengine peke yao mezani jikoni, wengine kwa vikundi. Kundi la Postcards to Voters, linalounga mkono wagombea wa chama cha Democratic, lilianza Machi 2017 katika uchaguzi mdogo wa ubunge huko Georgia, likiwa na watu watano waliogawana anwani chache. Vote Forward wao hutumia barua: maneno mengi yamechapwa tayari, ila pameachwa nafasi ambapo anayejitolea anaeleza kwa mkono wake kwa nini yeye hupiga kura. Mwaka 2020 waliandika barua zaidi ya milioni 17, wakazihifadhi majumbani mwao hadi Oktoba, ndipo zikapelekwa posta kwa pamoja.

Msomaji wa huku kwetu atauliza: anwani wamezitoa wapi? Kwenye daftari la wapiga kura. Kule, uliyemchagua ni siri, lakini kama ulikwenda kupiga kura au hukwenda si siri. Katika majimbo mengi, vyama na makundi ya kampeni huweza kupata daftari lenye jina lako, mahali unapoishi na chaguzi ulizoshiriki. Kwa hiyo kadi hazitupwi ovyo. Huchaguliwa wale waliojiandikisha lakini huenda mara moja moja. Tena tarishi huifikisha kadi nyumbani kwa mtu. Huku kwetu, ambako barua huishia kwenye S.L.P. ya shule au ya ofisi, kazi hii ingekwama mapema.

Na kuhimizwa kunahitajika. Kwa sheria ya mwaka 1845, Wamarekani humchagua rais Jumanne, Novemba. Kenya nao hupiga kura Jumanne, lakini siku hiyo hufanywa ya mapumziko. Marekani wengi huamkia kazini kama kawaida. Juu ya hapo chaguzi ni nyingi, na zile zisizo za urais husahaulika. Mwaka 2020 walijitokeza takriban theluthi mbili ya wenye haki ya kupiga kura. Mwaka 2014, kwenye uchaguzi wa katikati ya muhula, hawakufika hata wanne kati ya kumi.

Sasa, kwa nini mkono? Kwa sababu msimu huo sanduku la barua hufurika makaratasi ya kampeni yenye nyuso za wagombea, na mengi huishia kwenye pipa la taka. Mwandiko unamfanya mtu asite. Anaona kuna aliyekaa kitako akaliandika jina lake.

Utafiti umeonyesha pia kwamba binadamu hubadilika akijua anaangaliwa. Mwaka 2006 huko Michigan, wataalamu watatu walipeleka barua za aina mbalimbali kwa maelfu ya kaya. Kati ya wasioandikiwa chochote, walipiga kura asilimia 29.7. Walioandikiwa barua inayotaja nani mtaani kwao alipiga kura na nani hakupiga, pamoja na ahadi kwamba orodha mpya itatumwa baada ya uchaguzi, walifika asilimia 37.8. Ni ongezeko kubwa mno kwa kipande cha karatasi, lakini limepatikana kwa kumtia mtu haya mbele ya majirani zake. Kadi ninazozieleza hapa hazipiti njia hiyo, na naona zimefanya vyema, hata kama faida yake ni ndogo: mara nyingi haifiki asilimia moja.

Udogo huo usiudharau. Novemba 2017, katika eneo la 94 la Baraza la Wajumbe la jimbo la Virginia, kura zilihesabiwa upya na Shelly Simonds wa Democratic akawa mbele kwa kura moja. Kesho yake majaji wakakubali karatasi moja iliyokuwa imekataliwa, yenye alama kwa wagombea wote wawili, wakaihesabu kuwa ya David Yancey wa Republican. Ikawa 11,608 kwa 11,608. Tarehe 4 Januari 2018 majina yao yalitiwa kwenye vikopo vya filamu, vikopo vikawekwa ndani ya bakuli la kauri, ofisa akachota kimoja. Kilikuwa cha Yancey, na chama chake kikabaki na wingi barazani, viti 51 kwa 49. Angejitokeza mtu mmoja zaidi kati ya waliobaki nyumbani siku ile, akamchagua yeyote kati ya hao wawili, bakuli lisingehitajika.